Kabla Hujainua Nyumba, Zungushia Kiwanja

Kuna dada mmoja msomaji kaniandikia inbox, yuko Muscat anapambana na kazi, kanunua kiwanja Kibaha na anauliza hela aliyonayo aanzie msingi wa nyumba au fensi. Nilimjibu kwa kifupi halafu nikaona hapana, hili swali naulizwa sana, ngoja niliandike hapa maana najua wengi wenu mna kiwanja mahali au mnakisaka.

Jibu langu ni fensi. Na nina haki ya kusema hivyo kwa sababu juzijuzi tu nimefunga geti la kwangu Chanika, ukuta umezunguka pande zote, umepigwa plasta, na kila nikipita pale moyo unajaa, nasema ukweli. Ila hapo katikati niliumizwa jamani.

Kiwanja nilikinunua kikiwa kimepimwa. Bikoni zote nne zilikuwepo, zile alama za mpaka za kila kona, vizege vidogo vyenye chuma katikati, picha zake ninazo mpaka leo. Baadae nikahamishiwa Mbeya kikazi, kiwanja nakuja kukiona likizo kwa likizo. Likizo moja nafika nakuta jirani wa nyuma kaanzisha msingi wa banda, umeingia kwangu hatua kadhaa, bikoni ya kona ile haipo na pale ilipokuwa pamemwagwa kifusi. Ni mzee wa makamo, nikampa shikamoo yake, nikamuuliza kwa upole kabisa, akanijibu "Mwanangu, mimi hapa ni mwenyeji, wewe umekuja juzi." Hiyo kauli bado inaniuma.

Tukaanza safari. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa katuita, mzee kaja na mashahidi wake, kila mtu anaongea lake. Tukaenda baraza la kata, na hapa mjue kitu, tangu sheria ibadilishwe 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, la kuamua ni baraza la ardhi na nyumba la wilaya, kwahiyo mtu asikutishe kwamba kata wamempa kiwanja. Usuluhishi ukagonga ukuta. Nikatafuta mpima mwenye leseni, akaja na ramani ya upimaji na kile kifaa chake cha GPS juu ya fimbo, akatembea taratibu, akarudi nyuma kidogo, akasimama juu ya kile kifusi akawaambia vijana chimbeni hapa. Wakatoa kifusi, wakashuka chini kidogo, likatokea zege limevunjwa kichwa, kitako bado kimeng'ang'ania ardhini. Watu wote kimya. Mzee aliangalia pembeni, wiki ile ile akabomoa mwenyewe.

Radhi hakuniomba. Kwetu Uchagani, Marangu, mpaka unapandwa masale, ule mmea wa majani marefu, na sale hilo hilo ndio mtu anakuletea akikukosea anapotaka yaishe. Sikutegemea aniletee sale, yeye sio wa kwetu, ila neno moja tu lingenitosha.

Sasa nisikilizeni. Bikoni iking'olewa mpaka wako haujapotea, vipimo vyake vimebaki kwenye ramani, na kuing'oa ni kosa la jinai. Kwahiyo kabla ya tofali la kwanza mlete mpima afufue bikoni, waite majirani wote wanaopakana na wewe, mwite na mjumbe, wasimame waone, muandikishane na wasaini. Usichimbe msingi kwa kukadiria na macho. Kama umepakana na mto, sheria ya mazingira ya 2004 inakataza kujenga ndani ya mita 60. Na nyie mlioko mbali msijipe moyo kwamba hati ipo kabatini, sheria inatoa miaka 12 ya kudai ardhi iliyokaliwa na mtu mwingine, ikipita hiyo utalia.

Ukuta wenyewe, piga hesabu kabla ya kuongea na fundi. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30, ukitoa geti inabaki kama mita 96. Kwa tofali la inchi sita kozi moja, yaani mstari mmoja wa tofali kuzunguka kiwanja, inakula matofali kama 200, kozi nane zinakaribia mita mbili kwenda juu, hayo ni 1,600 na msingi bado. Fundi akikutajia 3,000 muulize zingine za kujenga nini. Nguzo za nondo mimi niliweka kila baada ya mita tatu, na kozi za chini niliacha matundu ya kutolea maji, hapo msimsikilize mtu anayesema yanaharibu muonekano. Mtaani kwetu masika iliyopita ukuta mpya kabisa ulilala barabarani mzima mzima, maji yalijaa ndani yakakosa pa kutokea.

Kama hela ya ukuta haipo usisubiri. Nguzo na seng'enge zinatosha kuonyesha kwamba mwenyewe yupo. Watu wanadharau seng'enge wanataka waonekane na ukuta mrefu, matokeo yake kiwanja kinakaa wazi mwaka na mwaka. Tuache hiyo tabia. Na nyie mnaosogeza mipaka ya wenzenu usiku, hao wenzenu wamenyimana chakula na watoto wao kununua hapo, mjue hilo.

Dada wa Muscat, uliniuliza pia kuhusu kupanda minyaa, ile miti yenye utomvu mweupe, iwe ua wa kiwanja. Yanafaa, tena hayanunuliwi, unaomba matawi kwa watu, unayaacha siku kadhaa utomvu ukauke pale yalipokatwa halafu unayachomeka ndani ya seng'enge, yakaribiane, mvua zikikaribia. Ila mwambie mdogo wako uliyesema atakupandia avae miwani na asishike uso, utomvu wa minyaa ukiingia machoni ni hatari. Na aanze na mpima kwanza, minyaa baadae.