Fundi atakayefuata ramani yako

Mwanangu,

Juzi umeniuliza utampataje fundi wa kukujengea kule Chanika atakayefuata ramani, maana wawili uliozungumza nao wamekujibu, "Bosi, hayo tuachie sisi." Hao waache wote wawili.

Fundi usimpime kwa picha za kwenye simu. Mpe ramani, unyamaze, umtazame. Anayejua kuisoma atatafuta vipimo, atakuuliza mbona nguzo hii haikuandikwa nondo za milimita ngapi. Asiyejua ataikunja akutajie bei. Kisha akupeleke saiti anayojenga sasa, kabla haijapigwa plasta, maana plasta inaficha mengi. Ukiamua kuchukua mkandarasi, omba namba yake ya usajili, uihakiki mwenyewe Bodi ya Usajili wa Makandarasi.

Yalitukuta mimi na marehemu baba yako tulipojenga Mbagala. Ramani ilitaka ringi za nguzo, vile vyuma vinavyozungushiwa nondo kuzifunga pamoja, zikae kila sentimita 15. Baba yako alikuwa kazini, mimi nina mimba yako, siku ya zege hakuna aliyekwenda. Nguzo ya baraza ilipopasuka na kuvunjwa, tukakuta ringi zimeachana karibu sentimita 30. Nililia sana, kwa sababu hela ya nondo tulikuwa tumeitoa yote.

Kwa hiyo mkataba wako useme wazi: zege halimwagwi mpaka wewe au injinia wako amepima nondo. Uandike na uwiano, simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne, na zipimwe kwa ndoo, si kwa kukisia na koleo. Tofali ni za inchi ngapi, zege litamwagiliwa maji siku ngapi (zisipungue 7), vyote viandikwe. Hela itoke kwa hatua: msingi ukikaguliwa unalipa, linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, ikikaguliwa unalipa.

Na wewe nawe, mwanangu, nakujua. Usimpigie fundi usiku ukamwambia dirisha lisogezwe. Ukiiacha ramani mara moja kwa maneno ya simu, na yeye ataiacha, na hutakuwa na la kumwambia. Ukitaka kubadilisha kitu, kichorwe upya, bei yake iandikwe, msaini wote wawili.

Tepu ya kupimia ya baba yako ipo kwenye droo ya kabati. Jumamosi nipitie asubuhi, twende wote kumwona huyo fundi wa tatu.

Mama