Kufuma kwa mikono: uzi kwanza, video baadaye

Kipupwe kikianza, maswali ya skafu nene huanza nayo. Hapa Tanga mjini hakuna anayeihitaji, tuseme ukweli, lakini wenye watoto shuleni Lushoto au ndugu Mlalo wanajua asubuhi za Julai zilivyo huko juu. Safari hii karibu wote mmeuliza skafu ya mviringo inayofumwa kwa mikono mitupu, bila sindano wala kroshia.

Shikamoo Bi Mkubwa. Nimefuata video mwanzo mpaka mwisho, nikaanza na vitanzi 10 kama yule dada, lakini skafu yangu ina matundu ngumi inapita. Nimekosea wapi? (Makorora)

Marahaba. Mkono haujakosea, umekosea dukani. Uzi wa kufumia unaouzwa kwetu kwa wingi ni akriliki nyembamba ya masweta ya watoto na vitambaa vya makochi. Yule wa kwenye video ana uzi mnene ambao donge lake la gramu 100 halifiki mita 90, na mara nyingi anashika nyuzi mbili pamoja. Katika kazi hii mkono wako ndio sindano, na sindano hiyo haitapungua unene eti kwa sababu uzi wako ni mwembamba. Nasema haya kila mwaka, na kila mwaka watu wanahesabu vitanzi vya mwenzao bila kuuangalia uzi wake.

Dawa ipo. Shika nyuzi 8 za sweta kwa pamoja, uzichukulie kuwa uzi mmoja. Zisokote kidogo kwa vidole uone: zikikaribia unene wa kidole chako cha mwisho, zinatosha. Sasa hesabu. Kitanzi kimoja kwenye mkono wa mtu mzima hula kama sentimita 20, kwa hiyo mstari wa vitanzi 10 unakula mita 2. Skafu ya mzunguko mmoja, sentimita 60 hadi 65 kabla ya kuunganisha, ni mistari 12 hadi 14. Ongeza uzi wa kuanzia, wa kufunga, wa kushonea na wa akiba, unafika kama mita 40. Mara nyuzi 8, ni mita 320. Donge la gramu 50 la uzi huo huwa na mita 130 hivi (soma karatasi yake), basi nunua matatu, tena yenye namba ile ile ya rangi. Buluu mbili za namba tofauti zinafanana ndani ya duka tu. Ukitoka nje kwenye jua kila moja inakwenda njia yake. Ukifika nyumbani yagawe upate vidonge 8 vya mita 40, uviweke kwenye ndoo visizunguke sakafuni na kusukana.

Naomba unifundishe kufuma kwa mikono. (Hakutaja anakotoka)

Hili nalo limekuja tena vile vile, bila kusema umefika wapi wala una uzi gani. Soma majibu ya wenzako hapa, fuma mistari mitano, kisha andika ulipokwama.

Mkia wa uzi unaniishia kabla sijafika kitanzi cha kumi. Nimefumua mara nyingi mpaka uzi umechakaa. (Muheza)

Unakisia, mwanangu. Usikisie. Zungushia uzi kwenye kifundo cha mkono mara 10 bila kuubana, kisha ongeza shibiri mbili. Hapo ndipo unapofunga fundo la kitanzi, ulivishe mkono wa kulia. Fundo hilo ni kitanzi cha kwanza. Kwa mkono wa kushoto tanua uzi kama manati: mkia upite juu ya kidole gumba, uzi wa donge juu ya kidole cha shahada. Mkono wa kulia uingie kwa chini kwenye uzi wa gumba, uende ukaudake ule wa shahada, urudi nao kwa njia ile ile. Toa gumba, vuta mkia na uzi wa donge, kitanzi cha pili hicho. Mwendo wa kuingia kwa chini ndio wengi wanaouruka, wakapata vitanzi ambavyo vikivutwa vinayeyuka vyote.

Mistari miwili ya kwanza inakuwa mizuri, halafu vitanzi vinazidi kulegea. Tena ukingo mmoja umejikunja na mwingine umenyooka. (Pongwe)

Vitanzi vyako vimepanda karibu na kiwiko. Huko mkono ni mnene, kwa hiyo kila kitanzi kinapimwa kwa unene huo, kisha kikiteremka kinabaki kipana. Fanyia kazi juu ya kifundo tu, vile vinavyosubiri ndivyo visogee juu.

Mwendo wenyewe ni huu. Uzi wa donge uukamate ndani ya ngumi ya kulia. Kwa mkono wa kushoto shika kitanzi kilicho karibu na kiganja, kipitishe juu ya ngumi hadi kitoke. Uzi uliobaki ngumini sasa umekuwa kitanzi kipya. Kivishe mkono wa kushoto. Vuta uzi wa donge mpaka kitanzi kiguse ngozi, ila kidole kimoja bado kipite chini yake. Kikiacha alama nyekundu au vidole vikianza ganzi, umezidisha: huo si ufumaji, umejifunga kamba.

Kuhusu ukingo, kitanzi cha kwanza cha kila mstari hakikazi kikiwa peke yake. Fuma cha pili, ndipo urudi ukivute cha kwanza. Na kila kitanzi kina miguu miwili. Ule unaoelekea kwenye donge uangukie upande mmoja katika vitanzi vyote. Ukibadilisha katikati ya kazi, baadhi vitajisokota na uso wa skafu utaonekana umekwaruzwa.

Nina hina mpya na bangili za dhahabu zisizotoka. Naweza kuanza leo? (Chumbageni)

Hapana. Hina isubiri siku mbili tatu, la sivyo uzi mweupe utageuka wa chungwa na hautarudi. Mikono yenye mafuta ya nazi nayo ioshwe kwa sabuni, maana nyuzi za akriliki zinakamata mafuta na vumbi hufuata. Bangili isiyotoka inang'ang'ania vitanzi kila mstari. Wewe fuma kwa sindano nene.

Mtoto akilia nifanyeje? Nimefungwa mikono yote miwili. (Ngamiani, Barabara ya 12)

Kabla ya kukaa, weka pembeni ufagio wenye mpini mrefu. Maliza mstari ulio nao, kisha hamishia vitanzi kwenye mpini kimoja kimoja bila kuvigeuza, funga kitambaa ncha zote mbili. Ukirudi, kitanzi chenye uzi wa donge ndicho kiwe cha mwisho kuvaliwa, karibu na kiganja. Ukikikosea hicho, utaanza kufuma kwa nyuma na hutaelewa kwa nini uzi haufiki.

Na yule aliyeuliza kama aache skafu mkononi alale nayo: hapana, na sidhani alikuwa anatania.

Tanga ni ya mkonge. Kwa nini tusifumie singa zetu badala ya uzi wa nje? (Mikanjuni)

Mkonge uliletwa pwani hii mwaka 1893, na singa zake zimetoa kamba, magunia na mazulia. Shingoni zinawasha. Fuma kikapu.

Je, fulana za mitumba zinafaa kwa kujifunzia? Uzi ni ghali. (Korogwe)

Zinafaa sana, na ningependa wanaoanza wote waanzie hapo badala ya kuharibu akriliki. Chagua fulana isiyo na mshono wa ubavuni. Kata kuanzia kwapani kwenda chini, utepe wa sentimita 4 unaozunguka bila kukatika, kisha uvute ujikunje. Fulana ya mtu mzima hutoa kama mita 10, kwa hiyo nne zitakupa skafu moja. Lakini ni pamba: nzito, inavutwa na uzito wake, na ikilowa haikauki leo. Jifunzie, kisha uifumue utengeneze zulia la mlangoni.

Nikimaliza naunganishaje? Nilifunga mafundo yakaonekana. (Bagamoyo)

Kwanza kufunga. Fuma vitanzi viwili vihamie mkono wa pili, chukua cha kwanza ukipitishe juu ya cha pili hadi kitoke mkononi. Fuma kingine, rudia. Usikaze, ukingo huu ukibana skafu haipiti kichwani. Kikibaki kimoja, kata uzi ukiacha mita moja, upitishe ndani, vuta.

Laza skafu mezani, hakikisha haijajisokota, kutanisha mwanzo na mwisho. Kwa vidole shona kitanzi cha huku na cha kule, kimoja kimoja mpaka mwisho. Uzi uliobaki, sentimita 15, uchomeke ndani ya mistari kwenda, kisha urudi nao. Akriliki inateleza, njia moja haitoshi.

Nimepata oda sita za Lushoto na nimeshapokea nusu ya malipo. Najifunza wiki hii. Skafu zinaoshwaje nije kuwaambia wateja? (Sahare)

Maji ya baridi, ndani ya foronya iliyofungwa, bila kukamua. Ikaushwe kivulini juu ya mkeka, kwani ukiianika kwenye kamba itaning'inia mpaka ifike kiunoni. Pasi isiikaribie akriliki, joto linaua nyuzi zikawa bapa. Sufu halisi isiguse maji ya moto, hujikaza na hairudi, na ihifadhiwe ikiwa imekauka kabisa kwa sababu ya nondo.

Ila hela za watu ulizipokeaje kabla hujafuma hata moja? Mpigie kila mteja leo, mwambie tarehe ya kweli. Halafu fuma tatu za kwako, uzivute, uzifue, uzivae wiki nzima. Ile ya tatu ikibaki na umbo lake, anza oda ya kwanza. Isipobaki, rudisha fedha.

Natumia mkono wa kushoto. (Pangani)

Vitanzi vya mwanzo vivishe mkono wa kushoto, mengine yote yageuze. Kwenye simu yako igeuze video pia.