Maswali ya Wasomaji: Mafundi Bomba Wale Wale

SWALI: Ndugu Mhariri, shikamoo. Katika banda la video hapa Makambako huwekwa filamu fupi za zamani za Kimarekani wakati watu wakisubiri mechi. Nimetazama mbili za The Three Stooges, wale wachekeshaji watatu, zenye majina tofauti, nikamwona mpishi yule yule, jikoni mle mle, akishangaa taa inavyojaa maji. Tena katika moja, mmoja wa watatu hao mara nyingine anaonekana mgongo tu. Je, tunauziwa mali moja mara mbili? — Msomaji, Makambako.

JIBU: Marahaba. Umeona sawasawa, ila si mara mbili tu. Studio ya Columbia ilitengeneza kisa hicho cha mafundi bomba wasiojua kazi mwaka 1934, kwa waigizaji wengine kabisa; ikakirudia mwaka 1940 kwa jina A Plumbing We Will Go, mwaka 1949 kwa jina Vagabond Loafers, na mwaka 1956 kwa jina Scheming Schemers. Wizi haukuwapo, kwa kuwa hadithi ilikuwa mali ya studio yenyewe.

Filamu hizi, ambazo hazikuzidi sana robo saa, zilikuwa za kujaza muda kabla ya filamu kuu, na malipo yake kutoka kwa wenye majumba ya sinema yalikuwa madogo. Baada ya Vita Kuu ya Pili gharama zilipanda huku televisheni ikiwabakiza watu nyumbani, kwa hiyo mtayarishaji Jules White akawa anachukua vipande vya filamu ya zamani, anawaita waigizaji kwa muda mfupi, anawavika nguo zinazofanana na za awali, kisha anaunganisha yale mapya na ya kale. Mpishi uliyemwona ni Dudley Dickerson, ambaye vipande vyake vilitumika tena na tena. Mtazamaji wa siku zile hakuwa na namna ya kuirudia filamu iliyokwisha kuondoka mjini. Wewe unaziona zikifuatana, ndiyo maana umegundua.

Yule anayekupa mgongo katika ile ya 1956 si Shemp Howard, aliyekuwa mmoja wa watatu hao wakati huo. Shemp alifariki Novemba 1955, na studio ilikuwa bado inadaiwa filamu nne, ikamsimamisha Joe Palma mahali pake, uso ukifichwa.

Kwa maoni yangu, kurudia si kosa: ile ya 1940 nayo ni marudio, lakini Curly, mmoja wa watatu hao kabla ya Shemp kushika nafasi yake, anayejifungia ndani ya kizimba cha mabomba aliyoyaunga mwenyewe bafuni anachekesha hadi leo. Ya 1956 ni kazi ya mkasi, na kwa anayejua habari za Shemp ni vigumu kuicheka.

SWALI: Je, kikundi chetu kinaweza kuigiza kisa kama hicho na kukirekodi bila kumlipa mtu? — Kikundi cha maigizo, Mwanjelwa, Mbeya.

JIBU: Fundi bomba asiyejua kazi hana mwenyewe, na mitaani kwetu mnaweza kumpata bila kwenda Hollywood. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 hailindi wazo tupu. Inalinda kazi yenyewe iliyobuniwa kutokana na wazo hilo. Andikeni mazungumzo yenu, msichukue kipande chochote cha picha wala muziki wa filamu hizo bila idhini ya maandishi, na mkubaliane mapema mchezo utakuwa mali ya nani, mwandishi au kikundi.