Biogesi inafifia wakati wa baridi: tuufukie mtambo?

SWALI: Shikamoo mama. Niko Uwemba, Njombe. Tuna ng'ombe wawili wa ndani na mtambo wa biogesi wa mita za ujazo 6. Miezi mingine tunapika vizuri, lakini Juni ikiingia moto unafifia, tunaambulia chai ya asubuhi tu. Mume wangu anataka tuufukie, tununue mtungi wa gesi. Unatushauri nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msiufukie. Mtambo haujafa, umepigwa na baridi. Vijidudu vinavyotengeneza gesi hustawi kwenye joto la nyuzi 35 hivi. Likishuka chini ya 15 vinazubaa. Huko kwenu Juni na Julai jalidi inaunguza hata majani ya viazi, sembuse vijidudu.

Anza na bomba. Moto ukirukaruka na kuwa wa njano, huenda mvuke umeganda ukawa maji ndani yake. Fungua koki ya kutolea maji, pale bomba lilipo chini zaidi. Wengi huwalaumu ng'ombe bure.

Kisha tazama mnavyoulisha. Mtambo wenu unataka kama ndoo mbili za samadi na mbili za maji kila siku. Msikoroge alfajiri kwa maji ya kisima yanayokata vidole. Yaanikeni juani kwenye madumu meusi, mlishe mchana. Mkojo wa ng'ombe nao unafaa kushika nafasi ya sehemu ya maji. Msizidishe samadi mkidhani gesi itaongezeka; samadi itatoka upande wa pili ikiwa mbichi. Juu ya kuba, yaani paa la mviringo la mtambo, rundikeni udongo, kisha mabua na nyasi kavu.

Hata mkifanya yote hayo, gesi ya Julai haitafikia ya Januari. Kinachoimaliza ni maharage. Miezi hiyo yapikeni kwenye sufuria ya presha ya umeme: kwa kawaida chungu kimoja hakili hata nusu uniti. Ila chungeni LUKU. Mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi ana bei nafuu, na akivuka hapo bei inapanda sana. Biogesi ibaki kwa ugali, mboga na chai.

Mwambie mwenzio kuwa mtungi hautoi mbolea. Tope linalotoka kwenye mtambo ni chakula cha viazi na parachichi, na duka la pembejeo halitawapa bure.

Tena niulize: nani anachota maji na kukoroga samadi? Mwenye mtambo si mnunuzi tu, ni mzalishaji, na uzalishaji ni kazi ya kila siku. Naumia nikiona kazi hiyo ameachiwa mama peke yake, halafu uamuzi wa kufukia unatoka kwa asiyeshika ndoo. Baridi hii akoroge mumeo, ndipo mzungumze habari za mtungi.

Oktoba joto likirudi na gesi bado haba, pakeni maji ya sabuni kwenye viungo vya bomba; panapotoka mapovu ndipo panapovuja. Pasipotoka mapovu, mwiteni fundi aliyejenga akague kuba kama lina ufa.