Spitfire imeganda angani? Punguza kasi ya shata

Ndugu yangu, umesema picha zako za Spitfire, ile ndege ya kivita ya zamani, ulizopiga kwenye maonyesho ya ndege pale uwanja wa Duxford, Uingereza, zimetoka safi lakini pangaboi limeganda, ndege kama ya kuchezea iliyotundikwa kwa uzi. Tatizo ni hiyo kasi ya shata (kile kipazia cha kamera kinachofunguka kuingiza mwanga) ya 1/2000 ya sekunde uliyotumia. Shusha hadi 1/250, ukishazoea jaribu 1/125. Tanua miguu, ifuate ndege kwa kiuno tangu ikiwa mbali, na ubonyeze huku ukiendelea kugeuka. Nyingi zitatoka na ukungu, usivunjike moyo, piga mfululizo. Kwa jeti rudi 1/1000, maana haina pangaboi la kuonyesha.

Duxford watazamaji hutazama kusini, hivyo jua la mchana linakupiga usoni na ubavu wa ndege unatoka mweusi. Ongeza mwanga kidogo kwenye kamera, au subiri alasiri.

Usikose injini ya Merlin, iliyomo kwenye Spitfire nyingi, ikiwashwa: mabomba ya ubavuni hutema moshi, mara nyingine na mwali. Ila baki nyuma ya kizuizi. Pangaboi likizunguka halionekani vizuri, na linaua. Watoto wavae vikinga masikio.

Kama hata ndege iliyoegeshwa inatoka na ukungu, lenzi hiyo mpelekee fundi kamera.