Jibu: Corolla, Mazda 3 au Impreza, ipi haitanisumbua?

Habari ndugu. Nimekuelewa: gari ulilonalo linachemsha na kukuzimikia njiani, na sasa umekwama kati ya Corolla yenye injini ya 1NZ-FE, Mazda 3 yenye injini ya Skyactiv na Impreza yenye injini ya EJ25.

Ningeanza na Corolla. 1NZ-FE inatumia cheni ya taiming (inayoendesha vali za injini), si mkanda, na ufundi wake hauna makuu. Mazda 3 iko nyuma yake kidogo tu. Otomatiki yake ni ya gia 6 za kawaida, si CVT (isiyo na gia za hatua). EJ25 ni tamu barabarani, lakini inajulikana kwa kuunguza gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya kichwa na bloku ya injini), na ikiungua injini huchemsha, na wewe kuchemsha umeshakuchoka.

Lakini kagua gari lenyewe kabla ya jina. Nenda injini ikiwa baridi kabisa, muuzaji asiwe ameiwasha. Fungua kifuniko cha rejeta: ukiona utando wa oili au kulanti (maji ya kupozea injini) yenye rangi ya kutu, ondoka. Kisha iwashwe kifuniko kikiwa wazi. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa tu, usiogope. Yasiyokoma ni moshi wa silinda unaopenya kwenye gasketi. Cheni ikikwaruza injini inapowaka, mara nyingi oili ilicheleweshwa kubadilishwa.