Kabla hamjasaini na mfuko wa sanaa: kwa maofisa utamaduni wapya

Siku niliyoripoti kwenye idara ya utamaduni ya halmashauri nilikabidhiwa faili nene la mradi tuliokuwa tukiuendesha pamoja na mfuko wa sanaa wa taifa. Ndani yake mlikuwa na hati ya makubaliano, barua za pongezi na picha za viongozi wakishikana mikono. Karatasi moja haikuwemo: ile ya kueleza nani anamlipa msanii, lini, na kutoka akaunti ipi. Shida nyingi nilizokuja kupambana nazo zilianzia hapo, na ndiyo maana nawaandikia nyinyi mnaoanza.

Nianze na mchongaji mmoja. Jopo la mfuko lilimchagua kwa kazi yake, sisi tukapewa jukumu la kumlipa. Alipokuja na ankara yake, kitengo cha manunuzi kikamwambia hayumo kwenye orodha ya watoa huduma. Akajisajili. Akarudi, akaambiwa faili linahitaji bei za washindani watatu. Washindani gani, wakati mtu amekwisha kuchaguliwa kwa ajili ya mkono wake mwenyewe? Mara ya tatu nilimkuta ameketi kwenye benchi la nje, vumbi la mawe bado limo kwenye kucha, bahasha ileile mapajani. Fedha ilitoka baada ya miezi minne. Wakati huo alikuwa ameuza mashine yake ya kukatia mawe ili alipe kodi ya nyumba, na sanamu yetu aliimalizia kwa mashine ya kuazima.

Hakuna aliyeiba wala kuzembea. Yule wa manunuzi alifuata kanuni zilizotungwa kwa ajili ya saruji na madawati, na mfuko ulidhani kwamba ukishaingiza ruzuku kwenye akaunti yetu kazi yake imekwisha. Msanii akaangukia katikati. Ukiwa ofisa wa utamaduni, hapo katikati ndipo kituo chako cha kazi, hata kama barua yako ya ajira haisemi hivyo.

Mvutano wa pili utakaokutana nao ni wa nani anachagua. Diwani atakuja ofisini kuuliza kwa nini kikundi cha kata yake kimeachwa, na mfuko utakuandikia kwamba halmashauri haina sauti katika uteuzi. Elewa msimamo wa mfuko unakotoka. Mabaraza mengi ya sanaa yalijengwa juu ya wazo kwamba serikali inatoa fedha lakini haichagui nani apewe, ili msanii asilazimike kumsifu mtawala apate kula. Uingereza ililipatia wazo hilo umbo la kudumu mwaka 1946 ilipounda Arts Council of Great Britain kwa hati ya kifalme. Miaka miwili baadaye, sheria ya serikali za mitaa ya 1948 ikaziruhusu halmashauri nazo kutumia sehemu ya kodi zake kwa burudani na sanaa. Mifuko miwili, yenye mabwana wawili, toka mwanzo. Mmoja unawajibika kwa ubora wa kazi, mwingine kwa wapiga kura, na ukiwa mezani pao wote utazisikia hoja zote mbili, na zote ni za haki.

Kwa hiyo usimdharau diwani. Nimewahi kuona jopo likipanga maonesho ya jioni katika ukumbi mzuri kuliko yote mjini, diwani akasema hapo watu hawaji, maana usafiri wa mwisho huondoka kabla maonesho hayajaisha. Hakusikilizwa, na usiku wa kwanza tuliwachezea viti vitupu. Siku hizi naomba mambo mawili yaandikwe mapema: vigezo vya uteuzi wapewe madiwani kabla tangazo halijatoka, na halmashauri iwe na mjumbe mmoja kwenye jopo, mwenye haki ya kusema na kupiga kura moja, asiye na uwezo wa kufuta uamuzi. Diwani akishavijua vigezo, anaweza kwenda kuvisaidia vikundi vyake kuandika maombi yenye nguvu. Hiyo ni nguvu yake halali, na wengi huitumia vizuri wakipewa nafasi.

Mchango wa halmashauri nao una mitego yake. Karibu kila mfuko utakutaka uweke chako. National Endowment for the Arts ya Marekani, kwa mfano, iliwahi kutoa ruzuku iitwayo Our Town iliyotaka shirika lisilo la faida na serikali ya eneo husika ziombe kwa ubia, na kila dola ya ruzuku ilinganishwe na dola nyingine kutoka upande wa waombaji. Halmashauri nyingi hazina fedha taslimu ya kiasi hicho, basi huweka ukumbi, gari na muda wa watumishi. Hilo ni sawa, ilimradi uvithamini kwa bei inayothibitika: ukumbi kwa kiwango unachokodishwa kwa watu wengine, mara siku ulizoutumia kweli, mtumishi kwa mshahara wake, mara saa alizofanya. Weka daftari la saa na lisainiwe kila siku. Mkaguzi akija mwaka unaofuata, saa zilizojazwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja atazijua kabla hajaketi.

Kuhusu kalenda nitasema kidogo. Uliza mwaka wa fedha wa mfuko unaanza lini na wenu unaisha lini. Ruzuku ikiingia wiki chache kabla hamjafunga hesabu, inaweza kurudishwa hazina kama bakaa huku wasanii wako mazoezini. Pata kwa maandishi ruhusa ya kuivusha mwaka, au akaunti ya mradi iliyo peke yake. Taarifa za utekelezaji ziandike kila mwezi hata zikidaiwa kila robo, kwa sababu risiti hupotea.

Sasa, kabla ya saini. Ichukue rasimu ya makubaliano uende nayo kwa mweka hazina, si kwa barua, kwa miguu yako. Mwombe akuoneshe kwa kidole safari ya malipo ya msanii mmoja, kutoka fedha inapoingia hadi inapomfikia mkononi, na umwite mtu wa manunuzi akae hapo hapo. Nilifanya hivyo baada ya yule mchongaji. Kidole cha mweka hazina kilisimama hatua ya tatu. Alinyamaza kidogo, akavuta kalamu, na tukaandika pale pale kwenye meza yake kwamba msanii aliyeteuliwa na jopo ataingia mkataba wa moja kwa moja bila kushindanishwa, kwamba nusu ya malipo yake italipwa ndani ya siku 14 tangu kusaini, na kwamba halmashauri ikichelewa, mfuko utamlipa wenyewe na kukata kwenye awamu yetu inayofuata. Mfuko ulikubali vifungu vyote vitatu bila kubadilisha neno.